Picha Iliyomsubiri Daktari

Tangu ashuke treni ya Mpanda, Audace hakukaa kitako. Kule Katumba kwa mama yake alikunywa chai amesimama, akatoka uani, akarudi, akatoka tena. Kilichomhangaisha ni kikohozi cha mama yake, kikavu na kirefu, cha mtu anayejibana asisikike.

"Mama, unakohoa hivi tangu lini?"

"Kaa kwanza, mwanangu. Au Wazungu wamekufundisha kunywa chai umesimama?"

Mama Athanasie alikuwa na raha zake. Katumba nzima ilijua mwanawe ni daktari wa eksirei huko Ujerumani. Na nani awalaumu? Audace alipokuja likizo ya nyuma aliulizwa kazi yake, akajibu, "Natumia eksirei kuchunguza moto." Kwa kuwa tayari aliitwa Dokta kwa shahada yake ya chuo kikuu, watu walichukua udaktari, wakachukua na eksirei, moto wakauacha palepale. Naye hakuwasahihisha. Sifa ni tamu, haitemeki upesi.

Kazi yenyewe ni hii. Wana chombo cha chuma, cha mviringo kama ngata ya kubebea ndoo kichwani. Ndani yake huwashwa moto mkali kuliko jua, ukashikiliwa kwa sumaku usiguse chuma. Kipimo cha kutiwa humo kikapona hakuna. Lakini moto ukifikia ukali ule hutoa eksirei wenyewe, na Audace huzinasa kupitia kitundu, akapata picha, akajua moto unaugua wapi. Tatizo ni kwamba hautulii. Kufumba na kufumbua umegeuka, umezimika. Kwa hiyo hupiga picha mfululizo, maelfu, na huwaambia wanafunzi wake kwamba picha iliyochelewa ni picha ya marehemu.

Mama alipomaliza chai alikwenda chumbani, akarudi na bahasha kubwa ya kaki.

"Nimekutunzia. Nilipigwa picha ya kifua hospitali kule mjini, wakasema niipeleke chumba cha daktari. Nikaifunga kwenye kitenge nikaja nayo nyumbani. Nimpe mtoto wa mwenzangu wakati wangu yupo? Haya, soma."

Audace aliitoa picha, akaiinua dirishani. Aliziona mbavu. Juu, upande wa kulia, aliona wingu jeupe. Huenda ni ugonjwa, huenda si kitu. Hakujua, na kutojua huko kulimtia hofu.

"Ulipigwa lini?"

"Mahindi yalikuwa mabichi."

Audace alitazama nje. Mahindi yalishavunwa, yakapukuchuliwa, na mabua ng'ombe walishayamaliza.

"Mama, mimi hii sijui kuisoma."

Mama alicheka mpaka kikohozi kikamkata. "Usinifiche. Kama ni kifo, sema tu."

"Sikufichi. Mimi ni daktari wa moto. Watu siwajui."

"Moto nao unaumwa?"

"Unaumwa."

Mama alimtazama, kicheko kikamwisha usoni taratibu. Kisha akainuka kutafuta viatu vyake.

Jirani yao Felisiani alisema wasubiri, lori litapita kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Audace alimwomba baiskeli. Alimpakia mama nyuma, bahasha ikiwa kifuani kwa mama, akakanyaga pedali kwenye vumbi lile kama mwizi anayefukuzwa. Kila mama alipokohoa mgongoni mwake, aliongeza mwendo.

Hospitali, daktari kijana aliiweka picha kwenye taa na hakuhitaji hata kukaa.

"Nadhani ni kifua kikuu. Dawa ipo. Ila hii ni ya zamani, mama, haiwezi kuniambia kimefika wapi. Lazima tupige nyingine leo leo." Akavua miwani. "Miezi yote hii mlikuwa mnasubiri nini?"

Audace alifungua mdomo. Mama yake akamwahi.

"Kilimo, daktari. Si unajua mambo ya shamba."

"Na huyu?"

"Mwanangu. Yuko Ulaya huko, anatibu moto."

Daktari alicheka, akidhani ni utani, akaandika kwenye kadi. Chini ya meza mama aliutafuta mkono wa mwanawe, akaubana, kumwambia anyamaze. Kiganja chake kilikuwa cha moto kabisa. Audace alikishika kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke treni, akatulia.