Jiko Namba Kumi na Saba

Mkono huu haujawahi kutia tiki kwenye kisanduku cha uongo. Wajaza fomu wenzangu hapa nje ya ofisi ya mikopo wakibanwa huandika hata ng'ombe wa jirani, lakini mimi nina mwaka wa tatu, meza moja, viti viwili, na peni moja ya kijani ambayo tangu kifuniko chake kipotee mwezi uliopita imenichorea mifuko ya mashati yote.

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, fundi cherehani alifika na jiko lake. Si jiko la mkaa. Jiko la nyumba: kuta tatu, bati sita, sinki, dirisha lenye pazia la maua. Lilijing'oa kwenye nyumba ya mumewe siku alipotolewa na mabegi yake, na tangu hapo lilikuwa likimfuata hatua kumi nyuma, likipisha magari. Watu wa foleni walilisogelea wapate kivuli. Mlinzi alimpa fundi namba kumi na sita, jiko akalipa kumi na saba.

"Dada, na hili nalo linakopa?" nikamuuliza.

"Limenisindikiza tu. Nijazie, mdogo wangu. Na leo usinitanie."

Kesi ya talaka ilikuwa haijaisha. Ijumaa hakimu angeamua binti yao wa miaka sita akae na nani, na alishasema atampa mwenye makazi yanayoeleweka. Fundi alikuwa ameona chumba cha kupanga, ila mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ndiyo maana ya mkopo. Na fomu ya mkopo, mstari wa tisa, inauliza: Hali ya makazi.

"Mmiliki?" nikasoma.

"Jiko hili nimelijenga mimi. Kila sare ya shule niliyoshona, matofali mawili. Lakini hati ina jina lake."

"Basi siyo. Mpangaji?"

"Wa nani?"

"Anaishi na jamaa?"

"Nalala sebuleni kwa kaka. Hapa ofisini wanataka barua, na wifi kagoma kusaini. Anasema akinipa barua ndiyo sitoki tena."

"Si ulale humu jikoni?"

"Wakili wa mume wangu kaniandikia. Nikilala humu, mimi mvamizi."

Kilibaki kisanduku cha Nyingine. Nikatia tiki. Fundi akaingia na fomu ndani, na baada ya dakika tano akatoka na afisa mikopo, mtu mpole, anayebeba faili kama anabeba kichanga.

"Mama, kompyuta haiitaki Nyingine," alisema. "Ukiibonyeza inarudi mwanzo. Lete uthibitisho wa makazi."

"Si huu hapa." Fundi akaweka kiganja ukutani.

Afisa akalizunguka jiko, akagonga plasta, akaisifia. Akanakili namba ya kiwanja kutoka kwenye fremu ya mlango, akaingia ndani, akarudi na faili jingine.

"Hili tunalo tayari. Mumeo alikopa mwezi uliopita, akaweka nyumba nzima dhamana. Jiko limo."

"Bila saini yangu?"

"Saini ya mke huhitajika mke akiwepo. Hapa imeandikwa hana." Akaigeuza karatasi tuione sote. "Na imeandikwa vizuri tu, kwa wino wa kijani."

"Peni za kijani ziko nyingi mjini," nikasema.

Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Fundi akakaa ukingoni mwa barabara. "Ijumaa nitamwambia nini mtoto?" Aliiuliza mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo, kama anayehesabu mishono. Afisa akaandika namba ya faili ukutani kwa chaki, akamwomba mlinzi aliondoe jiko kwenye maegesho ya pikipiki, akarudi kazini.

Jiko halikuondoka. Liligeuka taratibu mpaka mlango wake ukaelekea meza yangu, kisha likaufungua.

Ndani, mezani, kulikuwa na vikombe viwili ambavyo hakuna aliyeviosha. Kimoja cha mumewe. Kando ya kingine kilikuwepo kifuniko cha kijani, kimetafunwa ncha. Mimi hutafuna hivyo mteja akiniambia jambo ninalojua si kweli. "Andika hana, dogo, ni kufupisha tu," alisema mumewe siku ile humu jikoni, akaniongezea chai.

Fundi akaingia, akafuta meza kwa kiganja, akakichukua kifuniko.

"Funika peni yako, mdogo wangu. Inachafua watu."

"Si changu, dada."

Akanishika mkono, akakichomeka mwenyewe. Kikaingia, tak.

"Kumi na saba!" mlinzi akaita.

Jiko halikujongea. Lilikuwa bado linanitazama mimi.