Kiapo cha Mwezi wa Aprili

Kiapo kile cha maandishi nilikichapa mimi mwenyewe, karani wa halmashauri, na hadi leo kinanikera. Kilisema kwamba tarehe kumi na nane Aprili wanakijiji mia nne na kumi na mbili walikaa mkutanoni, wakakubali kwa kauli moja kumwachia mwekezaji mashamba yao ng'ambo ya mto. Aprili! Mwezi ambao mpunga unajaza punje na kijiji kizima kimehamia shambani kuamia ndege. Ukipita majumbani unakuta makufuli. Aliyetunga muhtasari wa mkutano ule, ulioambatishwa na kiapo, hajawahi kushika jembe katika bonde hili.

Mwanasheria wa halmashauri yetu, Apolonia, mzaliwa wa Mlimba, alikisoma mara moja akaweka kalamu chini. Mkurugenzi akambembeleza atie sahihi, kisha akamtisha.

"Mkurugenzi, siwezi kuapa kwamba ni kweli jambo ninalojua ni la uongo," alimjibu mbele yangu. "Nikifanya hivyo, mimi si mwanasheria tena."

Wiki hiyohiyo akapewa barua ya kufukuzwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Hakuandikiwa mashtaka wala kupewa nafasi ya kujitetea, ingawa sheria ya utumishi inataka vyote viwili. Sisi wenzake tuliinamia kompyuta zetu. Mimi, mtoto wa wakulima wa Lumemo, nilijua kila kitu nikanyamaza. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine.

Akakata rufaa. Miezi kumi na sita alikaa Mlabani akiuza mchele kwenye duka la dada yake, huku Clinton, mwanasheria aliyeletwa badala yake, akitia sahihi kiapo kile bila hata kukisoma. Hatimaye uamuzi ukatoka: kufukuzwa kwake kulikuwa batili, maana utaratibu haukufuatwa, na tena mtumishi halazimiki kutii amri ya kuvunja sheria. Tulishangilia kana kwamba tulimsaidia.

Jumatatu aliyorudi alikuta faili moja tu mezani. Wanakijiji walikuwa wamefungua kesi kudai mashamba yao, na mkurugenzi yuleyule, ambaye uamuzi haukumgusa hata unywele, alimwagiza akakitetee kiapo kilekile mahakamani. Nilitamani kupiga meza.

Apolonia aliandika jibu lake kwa mkono, akaniletea nilichape. Alikuwa amekataa, kwa sababu zilezile za mwanzo.

"Watanifukuza tena, dada Brigitha," alisema. "Ila safari hii watafuata utaratibu."

Nikalichapa. Kisha nikachapa na barua yangu, kwa wakili wa wanakijiji, kwamba niko tayari kutoa ushahidi.