Gome la Mkimya

Tangu wamzike mdogo wake, binti wa mganga hakuweza kupita chumba cha nyuma bila kuisikia ile sauti: "Dada, mbona leo dawa haina harufu?" Saa nne asubuhi, jua kali, majirani wanafua, na sauti iko pale pale. Aliogopa, na akaona aibu kumwogopa mtu aliyemlea mgongoni.

Mama yake, ndiye huyo mganga, aliuza dawa za miti, ila mwaka wa sita sasa haoni, hivyo kazi ya kuchuma ilikuwa ya binti. Mkafuri wa msituni aliujua vizuri: haupukutishi majani mwaka mzima, jani juu linang'aa, chini jeupejeupe. Mbao zake hutoa masanduku ambayo nondo hawasogelei, na gome lake, lenye harufu kali ya kafuri, huchemshwa kutuliza kifua na jino. Lakini una pacha, jani kwa jani, ambao nyumbani kwao waliuita mkimya kwa kuwa haunukii hata kidogo. Mkimya ni sumu. Ndiyo maana mama hakuchoka kuuliza, "Umenusa?"

"Mume ukikosea kuchagua, utamwacha," alizoea kutania. "Gome ukikosea, litakuacha wewe kaburini."

Siku ile binti alikuwa na mafua, pua zimeziba zote mbili, na mdogo wake anakohoa mpaka machozi. Mama, akiwa mlangoni anakwenda kwa mgonjwa mwingine, aliuliza swali lake. "Nimenusa, Mama," binti akajibu, asije akacheleweshwa, akachemsha gome, akamnywesha mdogo wake. Jioni walikuwa na msiba.

Watu walisema ni kifua tu, siku zake zilifika. Mafua yakaisha, lakini pua ya binti haikurudi. Hata kitunguu hakukisikia tena. Basi asubuhi moja uvumilivu ulimwishia. Akafungua kitambaa chenye gome lililobaki, akamwekea mama kiganjani.

"Ninusie, Mama. Niambie kweli, hata kama itaniua."

Mama alinusa kwa muda mrefu. "Mkafuri," akasema. "Mkafuri mtupu. Acha kujitesa, mwanangu."

Binti alilia kama mtoto, akacheka, akalia tena. Alipita chumba cha nyuma na hakusikia kitu. Kwa wepesi ule wa moyo akalitia gome sufuriani, likachemka, akamimina, akaja kuketi karibu na mama.

"Na mimi kifua kinanibana, ngoja ninywe hili letu."

Mama, ambaye hata kigoda chake hukitafuta kwa kupapasa, alikipiga kikombe kikaruka mpaka ukutani.

"Mama!"

Mama alimshika binti mabega yote mawili.

"Niliinusa sufuria tuliporudi kuzika," alisema. "Nikasema mmoja ameshaondoka. Huyu aliyebaki nitamdanganya mpaka nife."