Kibao cha Swali la Hamsini

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, shuka likitoka kwenye rafu kwenda wodini, mahali pake hutundikwa kibao. Ni kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja, chenye tundu, kamba na namba. Kila mfuaji anajua maana yake: kilichokuwa hapa kimetoka, kitarudi. Pengo lisilo na kibao ni kosa, na mwenye kosa hukatwa zamu. Mfuaji wa meza ya tatu alikuwa na miaka sita kazini na hajawahi kukatwa hata moja.

Jumanne moja asubuhi, mfuaji akiwa na povu hadi kwenye viwiko, msimamizi alikuja na gundi akabandika tangazo mlangoni. Vibarua wanaotaka kuajiriwa wodini wangefanya mtihani wa Kiingereza. Ulikuwa na sentensi hamsini, kila moja imeachwa nafasi wazi. Juu ya karatasi kulikuwa na kisanduku cha maneno hamsini, na kila neno lingetumika mara moja tu. Ili kufaulu ilibidi kupata zote hamsini, kwa sababu, tangazo lilisema, kazi ya wodini haina kukosea. Mstari wa mwisho ulisema mwajiriwa hutibiwa bure, yeye na mzazi wake mmoja.

Mfuaji aliusoma mstari huo mara mbili. Mama yake alikuwa na kidonda chini ya goti, mwaka wa pili sasa. Foleni ya wasio na kadi ya matibabu haikuwahi kumfikisha mlangoni kabla daktari hajaondoka.

"Kwani wagonjwa wanaongea Kiingereza?" aliuliza mwanamume wa kunyoosha nguo, ambaye wote walimwita Pasi.

"Hawaongei," alisema msimamizi.

"Madaktari je?"

"Wakiwa na wagonjwa, hapana."

"Sasa nani anaongea?"

"Mtihani," alisema msimamizi, akaondoka na gundi yake.

Kitabu cha mazoezi mfuaji alipewa na mfagizi wa wodi ya watoto. Kilikuwa na sentensi mia mbili zenye mapengo, na kila ukurasa ulikuwa na kisanduku chake cha maneno. Kurasa za majibu, zile za mwisho, zilikuwa zimechanwa. Mfuaji alikifunga kwenye mfuko wa plastiki asikilowanishe, na jioni hiyo, saa kumi na moja na dakika kumi, alikaa nacho mezani jikoni. Mama yake alikuwa kwenye kiti cha pili, mguu juu ya stuli, akichambua mchele.

Sentensi ya kwanza ilihusu kitu kinachochemka juu ya jiko. Mfuaji aliangalia kisanduku, akafikiri, akaandika neno la Kiingereza la birika. Birika likaondoka jikoni. Moto ulibaki ukiwaka chini ya hewa tupu, nao mvuke ulipanda kidogo kisha ukaisha.

Mfuaji alizima jiko. Alitoa kibao kwenye mfuko wa sare yake, maana siku zote alirudi navyo viwili vitatu kwa kusahau, akakitundika kwenye msumari juu ya jiko.

"Limeenda wapi?" aliuliza mama yake.

"Kwenye sentensi ya kwanza."

"Basi umepatia," alisema mama, akaendelea na mchele.

Hivyo ndivyo mfuaji alivyojua majibu. Akiandika neno lisilo lake, hakuna kilichoondoka, naye alifuta akajaribu lingine. Akipatia, kitu kilikwenda. Nyumba ikawa ndiyo kurasa zilizochanwa. Wiki ya kwanza zilikwenda ndoano ya mlango, mkasi, mto mmoja na kioo. Neno la rangi ya kijani lilipopata nafasi yake, pazia lilibaki dirishani likiwa na rangi ya maji ya sabuni. Neno la harufu lilipokwenda, sabuni aliyoifulia mashuka haikunukia tena mikononi mwake, ingawa wenzake walisema wao wanaisikia.

Yaliyomsumbua ni maneno ya vitu ambavyo hawakuwa navyo. Hakuwa na farasi wala mahali pa moto wa ukutani wala mashua, kwa hiyo hakuwa na njia ya kujisahihisha. Hayo alimpelekea Pasi, aliyesoma zaidi yake.

"Kwa nini na wewe hufanyi mtihani?" mfuaji alimuuliza siku moja, wakikunja shuka, kila mmoja ameshika pembe mbili.

"Nina watoto wanne," alisema Pasi.

"Watoto wanakuzuia kusoma?"

"Dada yangu, watu wengine wanaogopa kukosa. Mimi naogopa kupatia." Walikutanisha pembe, naye akamwachia shuka. "Umekiangalia kitabu chote? Mama yako hayumo?"

Mfuaji alikuwa amekiangalia. Jioni hiyo alikiangalia tena, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka kwenye kila kisanduku. Neno la mama halikuwamo.

"Sasa leo unachukua nini?" mama yake aliuliza. Alikuwa na desturi ya kuuliza mapema ili ajipange.

"Kiti, mama."

"Ninachokalia au chako?"

"Kitabu hakisemi."

Mama yake alisimama, akiegemea meza. Kilikwenda alichokuwa amekalia. Aliangalia sakafu pale kilipokuwa, akaona miguu yake minne imeacha alama nne safi, akapanguza vumbi kuzunguka alama hizo, asizifute.

"Nitakalia ndoo," alisema. "Ndoo imo?"

"Imo ukurasa wa thelathini."

"Basi huo ukurasa tusiufungue haraka, mwanangu. Niache nizoee kwanza."

Kufikia mwezi wa tatu, kuta zilikuwa na vibao kumi na tisa. Mfuaji aliviomba kwa msimamizi, vile vilivyochakaa, naye msimamizi alimpa bila kuuliza ni vya nini. Alimhesabia, akaongeza kimoja.

"Huwa kinahitajika kimoja zaidi," alisema.

Siku ya mtihani, mfuaji aliosha kidonda cha mama yake kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa safi, akaondoka saa moja asubuhi. Kibao cha ziada kilikuwa mfukoni.

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi wa kulia chakula. Walikuwa watu kumi na wanane. Msimamizi wa mtihani aliweka saa mezani, akasema dawati la mtu likitoweka katikati, anyooshe mkono aletewe lingine. Wawili walinyoosha mkono kabla ya nusu saa. Mwanamke mmoja wa jikoni aliandika kitu, akashika sikio, akalia bila sauti, kisha akageuza ukurasa.

Mfuaji hakuharakisha. Alisoma kila sentensi mara tatu, kama anavyokagua shuka kwenye mwanga kabla ya kulikunja. Kila alipotumia neno, alilikata kwenye kisanduku kwa mstari mmoja mwembamba. Maswali arobaini na tisa yalijaa. Kichwani alijua vilivyotoweka kule nyumbani: kijiko, kitasa, shuka lake la maua, hatua ya pili ya ngazi. Alijua pia kwamba majibu yote yalikuwa sahihi, kwa jinsi kifua kilivyokuwa chepesi, kama nyumba iliyohamwa.

Swali la hamsini lilikuwa sentensi fupi. Ilisema kwamba fulani anangoja nyumbani. Mahali pa fulani palikuwa na mstari mtupu, na kwenye kisanduku lilibaki neno moja ambalo halijakatwa.

Mfuaji aliliangalia neno hilo. Lilikuwa na herufi sita, na alijua kuliandika. Aliwaza kadi ya matibabu, ile ya rangi ya bluu, yenye sehemu mbili: jina la mwajiriwa juu, jina la mzazi chini. Aliwaza mstari wa chini wa kadi hiyo ukiwa hauna mtu. Saa iliendelea mezani. Alitoa kibao mfukoni, akakilaza juu ya karatasi, kamba na yote, kikaziba nafasi ile sawasawa kana kwamba kilichongwa kwa ajili yake.

Msimamizi wa mtihani alipopita kukusanya, aliinua karatasi kwa uangalifu, kibao kisianguke.

"Hili ndilo jibu lako?"

"Ndiyo."

"Sawa," alisema, akaiweka juu ya zingine.

Mfuaji alifika nyumbani kabla ya adhuhuri. Mlango haukuwa na kitasa, akausukuma. Mama yake alikuwa amekaa juu ya ndoo katikati ya chumba, amevaa gauni lake la kutokea, nywele zimesukwa, amejifunga kitenge safi. Nguo zake nyingine zilikuwa zimekunjwa pembeni. Ukutani, juu ya godoro analolalia, alikuwa ametundika kibao kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa amekihamisha kutoka mahali pa kioo.

"Nimekungoja uniite," alisema mama. "Saa nne ikapita, saa tano ikapita, bado nipo. Nikasema labda sijaenda kwa sababu nimekaa vibaya."

"Hukukaa vibaya, mama."

"Umefaulu?"

"Hapana."

"Neno lilikushinda?"

"Halikunishinda."

Mama yake aliinuka kwenye ndoo. Alifungua kitenge, akakikunja, akakiweka juu ya zile nguo nyingine. "Ungeniandika tu," alisema. "Huu mguu hata hivyo haunipeleki popote."

Mfuaji alikwenda ukutani akakitoa kile kibao, akakirudisha mahali pa kioo.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki mbili. Waliofaulu walikuwa watatu, akiwemo yule mwanamke wa jikoni. Mbele ya jina la mfuaji iliandikwa: nafasi moja imeachwa wazi. Msimamizi wa chumba cha kufulia alisimama nyuma ya mfuaji huku naye akisoma. Alikuwa mwajiriwa wa kudumu kwa miaka kumi na minne na aliishi peke yake kwenye nyumba ya wafanyakazi, karibu na tangi la maji. Watu walisema alikuwa na mume zamani, lakini hakuna aliyekumbuka mazishi.

"Kwangu pia lilikuwa la mwisho," alisema msimamizi. "Lilikuwa neno la mume. Kibao nilikuwa nacho mfukoni."

Mfuaji aligeuka kumtazama.

"Sikukitoa," alisema msimamizi. "Nilikitundika nyumbani baadaye. Kiko mpaka leo." Alipitisha mkono kwenye karatasi ya matokeo, pembe moja ilikuwa imebanduka, akaibandika tena. "Meza ya tatu ina mashuka ya upasuaji. Yanatakiwa saa nne."

Mfuaji alirudi meza ya tatu. Wale watatu walianza kazi wodini Jumatatu iliyofuata, wakiwa na kadi za bluu. Mgonjwa wa kwanza aliomba maji kwa lugha ya nyumbani kwao, nao wakampa. Hakuna aliyewauliza neno lolote la Kiingereza, siku hiyo wala mwezi huo.

Ulipokwisha mwaka, msimamizi alikuja na gundi akabandika tangazo jipya juu ya lile la zamani. Maneno yalikuwa yaleyale. Pasi alilisoma, akarudi kwenye nguo zake. Mfuaji alilisoma hadi mstari wa mwisho, akaangalia rafu, akaona pengo ambalo mtu wa zamu ya asubuhi amelisahau, akatundika kibao.

Jioni alimkuta mama yake juu ya ndoo, mguu kwenye stuli. Kidonda kilikuwa kimepanda kidogo kuelekea goti. Mfuaji alichemsha maji ya chumvi kwenye sufuria, kwa sababu birika lilikuwa halijarudi, akapiga magoti sakafuni, kando ya zile alama nne za kiti, akaanza kukiosha.