Kiti Chenye Koti

Jumanne asubuhi Lyle Stannard, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto mjini Hull, alikuwa anamenya yai la kuchemsha. Mtaa wa pili, redio ya mjane aitwaye Bi. Thackray ikapiga wimbo "Kiti Chenye Koti". Lyle akajikuta ameketi jikoni kwa mjane huyo, yai mkononi.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu wimbo huo utoke Februari, kila aliyeusikiliza akiwa peke yake alimpata Lyle kwenye kiti cha karibu, mpaka uishe. Alishakaa pembeni ya beseni la kuogea la mwalimu mmoja wa Leeds, na ndani ya lori lililoegeshwa Dover. Watu walimpa biskuti. Walimjua kuwa ndiye yule wa kwenye wimbo, ambaye hakuja.

"Ndiye wewe?" Bi. Thackray aliuliza, akimimina chai.

"Ndiye mimi, mama."

"Mazishi yalikushinda, chai umeiwahi."

Mwimbaji ni Keeley Marfleet, aliyekuwa mchumba wake. Siku ya mazishi ya mama yake mzazi, Keeley aliweka koti kwenye kiti cha pembeni yake ili Lyle asikose nafasi. Koti lilikaa hapo mpaka mwisho. Lyle alikuwa nje ndani ya gari lake la kazi, tai shingoni, miguu imegoma kushuka. Aliogopa, hakuna neno jingine. Majuto ni mjukuu, na huyu wa Lyle alikuwa mpenda safari: alimfikisha kwa wapweke wote wa Uingereza, isipokuwa kwa yule mmoja aliyetaka kumwomba radhi. Keeley hakupokea simu zake, na wimbo wake mwenyewe hakuusikiliza. Ukipigwa dukani, alitoka.

Oktoba, Jumapili alasiri, Keeley aliuimba kwa mara ya kwanza mbele ya watu, kwenye ukumbi mkubwa wa Hull. Jukwaani paliwekwa kiti chenye koti. Lyle alikuwa nyumbani, ndara miguuni, anakausha vyombo. Alipojikuta amekalia lile koti alidhani kuna makosa, maana ukumbini mlikuwa na watu elfu mbili, na yeye huitwa na aliye peke yake tu. Kisha akamtazama Keeley, akaelewa.

Hakuna aliyeshtuka. Mama mmoja wa safu ya mbele alimwambia jirani yake kwamba alimdhania mrefu zaidi.

"Keeley, nilikuwepo," Lyle alisema. "Nje, kwenye gari. Nilishindwa kuingia."

Wapiga ala waliendelea taratibu, wakimsubiri mwenye wimbo.

"Najua," Keeley alisema, kipaza sauti akikiweka kando. "Nilikuona kupitia dirisha muda wote. Inuka, umelikalia koti."

Lyle akainuka. Keeley akalinyoosha koti kwa kiganja, akaimba ubeti wa mwisho, ule usemao hakuja. Watu elfu mbili wakaitikia, hakuja. Lyle naye akaitikia, amesimama kando ya kiti na kitambaa cha vyombo mkononi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.