Tone na Gari la Mashine Mbili

Madereva wa malori hawapeani majina bure. Huyu walimwita Tone, kwa sababu katika barabara zote alizopita, na alipita nyingi, hata zile ambazo hazina lami wala kibao, hakuna aliyewahi kumkuta kando ya njia akipungia watu dumu tupu. Wenzake wakipakia mzigo uleule, njia ileile, walifika na tangi kavu na uso umekunjamana. Yeye alifika na akiba. Siri yake wala hakuificha, alimwambia yeyote aliyemnunulia chai: mlima upande kwa adabu, na ukifika kileleni toa gia, weka fri, acha mzigo ujisukume wenyewe mpaka bondeni.

"Mteremko tumepewa bure," alikuwa akisema. "Sasa wewe unauchomea mafuta ya nini?"

Alipostaafu, kustaafu hakukumkaa. Mtu aliyezoea kuamka mji huu na kulala mji mwingine utamweka vipi sebuleni? Alitengeneza mlango ambao haukuwa mbovu, kisha ukawa mbovu. Akahamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, akalitazama, akalirudisha.

"Ukilihamisha tena hilo kabati," mkewe akamwambia, "nahama mimi."

Aliyewaokoa ni binti yao, mkunga. Kazi yake ilikuwa kuzungukia kliniki ndogo za huko milimani, na aliponunua gari lake la kwanza alimwomba baba yake awe dereva, ili yeye njiani apate nafasi ya kuwapigia simu wajawazito wake. Tone alikuna kidevu, kama mtu mwenye shughuli nyingi anayetafuta nafasi. Kesho yake kofia yake ya safari ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa, inachuruzika maji.

Gari lenyewe lilikuwa refu, la kupandia milima, na lilikuwa haibridi. Maana yake lilikuwa na mashine mbili: ya petroli kama magari yote, na ya pili mota ya umeme, inayokula betri iliyojificha chini ya kiti cha nyuma. Wala halikuhitaji kuchomekwa ukutani, betri lilijijazia lenyewe njiani. Muuzaji, mtu wa ulimi wa asali, alisema lita moja inakwenda kilomita ishirini na ushei.

"Hili halinywi," alimwambia mkunga. "Linaonja tu."

Basi, likanywa. Kila walipojaza na kupiga hesabu, lita moja ilikuwa imekwenda kilomita kumi na mbili, ikijitahidi sana kumi na tatu. Pikapu la zamani la kliniki, lililokuwa likitoa moshi kama jiko la kuni, lilifika hapohapo. Mkunga alivumilia mwezi wa kwanza, akavumilia wa pili. Wa tatu alikuja jioni moja, akakaa barazani na wazazi wake, akaanza kuzungusha funguo kidoleni.

"Baba, nimefikiria. Hili gari nitaliuza."

Tone akazifuata zile funguo kwa macho.

"Mwenzangu pale hospitali anauza kale kadogo kake. Kanabana mafuta, na kenyewe kepesi, hata mimi mwenyewe nakamudu."

"Hata wewe mwenyewe."

"Sina maana hiyo, Baba."

"Una maana gani?"

Mama yake, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo, akadakia bila kuinua macho. "Ana maana wewe unarudi kwenye kabati langu."

Tone alicheka kidogo tu. Alijiona amekaa kwenye kiti kilekile asubuhi hadi jioni, akihesabu magari ya watu wengine yakipita. Akajikaza.

"Nipe safari moja," akasema. "Ile ya kliniki ya juu kabisa. Tunajaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe. Tunakwenda, tunarudi, tunajaza tena pampu ileile. Hapo hakuna cha muuzaji wala cha nani, ni tangi na barabara."

"Na likinywa kama kawaida?"

"Uza. Na mimi nitakusafishia siti kabla mnunuzi hajaja."

Mkunga akamwangalia, akaona mzee hatanii. "Ijumaa, basi. Lakini tusilaumiane, Baba."

Kesho yake Tone alikwenda moja kwa moja gereji kwa rafiki yake, aliyekuwa utingo wake miaka yote ya malori, mtu wa kupanga mzigo na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Sasa naye alikuwa mzee, fundi wa magari, lakini jina la Utingo halikumtoka. Alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kama anakagua gwaride.

"Bosi, mashine mbili ni midomo miwili. Ulitaka inywe kidogo?"

"Acha mzaha. Nitapoteza usukani."

Utingo alipoona uso wa mwenzake aliacha mzaha, kidogo. Akafungua buti. Akatazama ndani. Akaita jirani naye aje atazame.

"Hili ni gari la mkunga au unahama?"

Ndani ya buti mlikuwa na jeki ya lori, mnyororo wa kuvutia, dumu la maji, koleo, sururu, na gurudumu la akiba la pili juu ya lile la kwanza.

"Sururu ya nini?"

"Barabara ikikatika."

"Imewahi kukatika?"

"Bado."

"Na hii jeki? Hii inanyanyua nyumba, bosi!"

Vyote vikashushwa, Tone akivisindikiza kwa macho kama watu wa familia wanaopanda basi. Kisha Utingo akapiga teke gurudumu, akatikisa kichwa. "Upepo umelala. Matairi yamechoka kama mwenyewe." Akayajaza yote manne. Keria la juu ya paa, ambalo halijawahi kubeba hata mkungu wa ndizi lakini lilikuwa likipigana na upepo kila siku, likafunguliwa nalo.

"Hapo nimemaliza yangu," Utingo akasema akijifuta mikono. "Mteremko nakuachia mwenyewe. Huko nani atakufundisha wewe?"

"Huko usiwe na wasiwasi," Tone akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu barazani roho yake ikatulia.

Ijumaa asubuhi mkunga alimkuta baba yake tayari yuko uani na kikombe cha chai, gari linanguruma peke yake.

"Shikamoo, Baba. Mbona linawaka na hatujapanda?"

"Marahaba. Nalipasha joto."

"Zima, tafadhali. Tukipanda ndipo uliwashe."

Wakapita kituo cha mafuta, pampu ikakata, safari ikaanza. Siku hiyo mkunga hakukaa nyuma na simu zake. Alikaa mbele. Tone alielewa kuwa amekuja kushuhudia kwa macho yake, naye akapanda mlima kama mtu aliyebeba trei ya mayai: mguu mwepesi, hakuna papara, hakuna kupita lori kwa hasira. Walifika, mkunga akafanya kazi yake, akapima matumbo, akagombana na mama mmoja aliyekuwa anaficha ujauzito wa miezi mingi chini ya koti. Mchana wakageuza.

Sasa ndiyo ikaja sehemu ya Tone. Kileleni tu, mkono ukaenda kwenye gia, ukaitoa, fri. Gari likateleza kimya, likachukua kasi, miti ikaanza kukimbia nyuma. Tone akaegemea kiti. Akapiga mluzi.

"Unasikia?" akasema. "Hakuna kinachochomeka hapa."

Mkunga alikuwa akitazama kioo kidogo cha dashibodi, chenye picha ya gari na betri na mishale. "Mishale imepotea yote," akasema.

"Umeona! Hakuna kinachotumika."

Wakafika bondeni, Tone akarudisha gia, na palepale petroli ikaunguruma kwa nguvu, maana betri ilikuwa imebaki na vistari viwili tu pale kwenye kioo, imekauka. Ikaunguruma tambarare yote. Tone alimwona mkunga akigeuza uso dirishani.

Mteremko wa pili ulikuwa mrefu zaidi, na mwanzoni mwake tu walikuta greda la barabara, limeziba njia, linakwenda mwendo wa kobe. Huwezi kuweka fri nyuma ya greda. Tone akasonya, akaacha gia ndani, mguu ukigusa breki polepole, ukigusa tena, wakifuata yale matairi makubwa yenye tope.

"Baba."

"Namwona. Siwezi kumruka."

"Si huyo. Tazama hapa."

Kwenye kioo mishale ilikuwa imerudi, ya kijani, lakini safari hii ilitoka kwenye magurudumu kwenda kwenye betri. Kistari cha tatu kilikuwa kimejaa. Wakiwa bado wanatazama, cha nne kikawaka.

"Tunajaza," mkunga akasema.

"Tunajaza nini? Nimeondoa mguu kwenye mafuta."

"Ndiyo nakwambia. Umeondoa mguu na betri inajaa."

Tone akagusa breki, mishale ikanenepa. Akaachia, ikakonda. Chini ya miguu alisikia gari likijivuta kidogo, kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma. Uzito ule aliujua. Aliujua tangu enzi za baiskeli, kabla ya malori yote. Ukilaza dainamo kwenye tairi, baiskeli inakuwa nzito ghafla, lakini taa inawaka. Ukiinyanyua, unakimbia vizuri, gizani.

"Dainamo," akasema.

"Eti?"

"Ni dainamo ya baiskeli, mwanangu! Magurudumu yanazungusha ile mota, mota inalisha betri. Nikiweka fri nimenyanyua dainamo." Akapiga usukani kwa kiganja. "Miezi mitatu nanyanyua dainamo halafu nalalamika giza."

Mkunga alijaribu kutocheka kwa heshima ya baba, akashindwa, akacheka mpaka akajishika mbavu. Tone naye akacheka, lakini masikio yalikuwa yanawaka moto.

Greda likakata kona, likaingia kwenye njia ya machimbo. Mbele yao sasa palikuwa na mteremko mtupu, mnyoofu, mzuri, wa aina ambayo dereva anaiota. Na mkono wa Tone, bila kuulizwa, ukaenda kwenye gia. Miaka yote ile ilikuwa ndani ya mkono huo. Jina lake lilikuwa humo. Vidole vikashika kile kirungu, vikakaa hapo. Mkunga aliona.

Tone akaurudisha mkono na kuukalia.

"Baba! Mikono miwili kwenye usukani!"

"Huu hauaminiki."

"Mikono miwili!"

Akautoa chini ya paja, akauweka kwenye usukani, akashuka mlima mzima na gia ndani, akilipunguza gari mwendo mapema kila kona badala ya kulikaba dakika ya mwisho. Jambo hilo lilimwasha mwili mzima, kama kuvaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Vistari vikapanda hadi juu. Wakafika tambarare, akagusa mafuta kidogo, na mngurumo haukuja.

"Limezima!" akashtuka.

"Halijazima. Tazama mita."

Ni kweli, walikuwa wanakwenda. Wakapita shule, wakapita soko, wakaingia kwenye foleni ya mjini na kusogea hatua kwa hatua pamoja na wenye haraka zao, petroli ikiwaka mara chache, ikikohoa na kunyamaza. Tone alikuwa ametoa macho kama anaendesha mzimu.

Kituoni, pampu ileile, mhudumu akajaza mpaka ikakata. Mkunga akapiga hesabu kwenye simu. Akairudia. Tone alisimama kando ya gari na kofia mkononi, anakagua tairi lisilo na kasoro.

"Kumi na saba," mkunga akasema. "Na pointi kidogo."

"Si ishirini."

"Si ishirini."

"Muuzaji alitia chumvi."

"Muuzaji hajawahi kupanda mlima ule na mizani ya kupimia watoto nyuma."

Tone akavaa kofia, akaivua. "Mwanangu, zile kumi na mbili hazikuwa za gari. Zilikuwa zangu. Ukiliuza, muuze na dereva, maana tatizo ni yeye."

"Baba, hilo nimelijua tangu kwenye greda." Alikuwa ameshafungua mlango wake. "Mwenzangu atafute mnunuzi mwingine. Wewe Jumatatu tuna kliniki ya ng'ambo, tunatoka alfajiri. Na usilipashe joto kama uji wa jana, tafadhali."

"Sawa."

"Na ile sururu isirudi."

"Hata koleo?"

"Baba!"

"Nimeuliza tu."

Kabla hawajafika mzunguko wa pili wa barabara, mkunga alikuwa amelaza kiti, mdomo wazi, amelala kama mtoto aliyeshiba. Hakuwa anatazama mishale wala mita. Tone akaendesha taratibu, akikwepa hata vishimo vidogo. Walipofika nyumbani hakupunguza mwendo; alipita geti lake mwenyewe kama mgeni asiyelijua, akazunguka mtaa mzima, akapita tena. Mara ya tatu mkewe alikuwa amesimama nje, mikono kiunoni. Tone akasimama, akashusha kioo.

"Umepotea nyumba yako?"

"Punguza sauti. Amelala."

Mkewe akachungulia, akamwona binti yake, akamtazama mumewe, na ile kofia iliyokaa upande. Hakuhitaji kuuliza matokeo. "Na mafuta unayochoma kuzunguka hivyo?"

"Yapo," Tone akasema, akarudisha kioo, akaondoka kwenda raundi nyingine.