Samli ya Baba Anyango

Wewe ukiambiwa mumeo asile ugali tena, utampa nini ashibe? Usijibu haraka. Fikiria kwanza mwanamume wa Nyakach, mtu wa miraba minne, fundi wa kujenga nyumba za mawe, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema amekula kama hakula ugali. Utampa viazi vitamu sufuria nzima, amalize, ateremshe na chai na mandazi, halafu akuangalie vizuri akuulize, "Sasa chakula iko wapi?"

Huyo ndiye Dishon Ogola wa upande wa Katito, baba yake Anyango, na mkewe aliitwa Adero. Swali hilo lilimwangukia Adero mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tatu, akiwa ameketi kwenye benchi la kliniki mjini Kisumu, kibeti mapajani. Dishon alikuwa ameanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na kila alipokojoa nyuma ya nyumba, sisimizi walijaa hapo. Muuguzi, dada mmoja mwenye sauti ya chini aliyeitwa Lornah, alimchoma kidole akapima damu, akasema ni ugonjwa wa sukari. Basi apunguze ugali, apunguze uji, viazi na ndizi, na chai anywe bila sukari. Ugali usizidi ngumi yake.

Lakini Dishon alikuwa mtu wa kuvuta uzi na kupanga mawe. Kwake jiwe liko kwenye mstari ama haliko. Aliambiwa apunguze, yeye akaacha kabisa. Alikula mboga, akala samaki, akala yai, akanyamaza. Na sukari ikashuka kweli.

Mwili nao ukashuka. Mashavu yaliingia ndani. Suruali ya kanisani ikabidi ifungwe kwa kamba chini ya mshipi. Shingo ikabaki inazunguka ndani ya kola kama mchi ndani ya kinu. Na miaka hiyo, mwanamume akikonda huku kwetu ziwani, watu hawakuuliza anaumwa nini. Walikuwa wanajua tayari. Tulizika vijana, tulizika walimu, tulizika mume Januari na mke kabla ya mvua, na jina la Ukimwi halikutajwa hata kwenye mazishi. Ilisemwa tu kwamba mtu "aliugua".

Hapo kwao, wanaume wa boma walikula pamoja nyumbani kwa Walter, kaka mkubwa wa Dishon. Kila mke alipika kwake, akapeleka bakuli lake, akaliweka chini mbele ya wanaume na kuondoka. Mikono yote iliingia katika mboga moja. Siku moja Adero alipeleka osuga, mboga ile chungu iliyolazwa kwenye maziwa, akakuta Milka, mke wa Walter, amemwekea Dishon sahani yake peke yake. Sahani nzuri, ya maua.

"Nimeona shemeji hali ugali," Milka alisema, akikwepa macho yake. "Nikasema apate yake, asisumbuliwe."

"Asante," Adero alisema. Ungesema nini? Ni vigumu kujibu neno ambalo hakuna aliyelitamka. Angesimama pale aseme, "Mume wangu hana ule ugonjwa," wangeshangaa wote: "Kwani nani amesema anao?" Na kesho yake wangesema, mbona anakana kabla hajaulizwa?

Sokoni Katito nako mama mmoja alimshika mkono kwa huruma. "Baba Anyango kikohozi imepungua?"

Dishon hakuwa amekohoa hata siku moja.

Ndipo Adero alipofanya uamuzi wake. Ugali umekatazwa, sawa. Mafuta hakuna aliyeyakataza. Alikuwa binti wa kutoka Seme, na mama yake alimfundisha kazi ya samli akiwa mdogo. Unayaacha maziwa yagande, unayatia kwenye kibuyu, unakaa chini, miguu umenyoosha, unakisukasuka juu ya paja polepole, bila hasira, hadi usikie sauti ya ndani imebadilika. Maziwa yanapiga chubwi chubwi, halafu kitu kizito kinaanza kugongagonga. Hapo siagi imeshikana. Unaiosha, unaichemsha kwa moto mdogo, unaipakua ikiwa na rangi ya ua la boga. Harufu yake inafika barabarani.

Alitia samli kwenye mboga na kwenye samaki, mayai nayo akayakaanga humo. Alikausha nyama juani akaipika kwa samli, vile wakwe wanavyopikiwa. Akawa mteja wa Enos, mchinjaji wa pale Katito, na kila mara akiomba kipande chenye mafuta.

"Mama, leo unataka nyama ama unataka kuchemsha sabuni?" Enos alimtania mbele ya watu.

"Kata tu, bwana. Mafuta yako unamwekea nani?"

"Hii, ni mbwa alikuwa anangojea. Mwambie pole."

Moyo wake ulitulia zaidi alipokwenda Kisumu kununua viungo. Mwenye duka, Mzee Abeid, alikuwa na sukari miaka mingi, na tumbo lake lilitangulia mbele yake. "Mimi mkate niliacha, wali niliacha," alimwambia, akijipiga kifua. "Samli sikuacha. Mafuta hayana sukari, mama. Niangalie! Mimi nimekufa?"

Adero alimwangalia. Hakuwa amekufa.

Basi mashavu ya Dishon yakarudi. Ule mkunjo wa shingo ukajaa. Watu wakaanza kumwita kwa mbali tena, "Fundi! Umenenepa, nani anakulisha?" na Adero akisikia hivyo alitamani kuimba. Pale kwa Walter sahani ya maua haikuondolewa, lakini Milka alianza kucheka naye kisimani kama zamani. Jioni, wakiwa nyumbani kwao, Adero alikaa mlangoni akimhesabia Dishon vijiko vya samli, na yeye alikula, akalamba kijiko, akasema, "Asante, Nyar Seme," yaani binti wa Seme, kama alivyomwita tangu ujana wao.

Jambo moja Adero hakuliona, kwa sababu alikuwa akitazama nyuso za watu wengine. Dishon alikuwa akijenga nyumba ya mwalimu kule Sondu, na alianza kupumzika katikati ya kazi. Alikaa juu ya jiwe, mkono chini ya titi la kushoto, kana kwamba anatafuta kitu mfukoni. Vibarua walidhani anapiga hesabu ya mawe.

Siku ya kurudi kliniki walivaa vizuri wote wawili. Adero alimsimamisha Dishon mbele ya Lornah kama mtu anayeleta ng'ombe wa maonyesho.

"Sukari ni mzuri," Lornah alisema. "Mzuri sana, Mzee. Lakini safari hii daktari alitaka damu ipimwe mafuta pia. Mafuta imepanda. Imepanda vibaya." Akamgeukia Dishon. "Kifua inakuuma?"

Dishon aliangalia viatu vyake. "Kidogo."

"Tangu lini?"

"Nikipanda mlima. Nikibeba jiwe. Siku hizi hata nikitembea tu."

Adero alihisi masikio yake yanapata moto. Lornah alimuuliza anampikia nini, naye akaeleza yote bila kuficha, kibuyu, nyama ya Enos, mayai. Muuguzi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza, "Mama, ukipika supu ya mifupa ukaiacha ipoe, juu unaona nini?"

"Mafuta imeganda."

"Basi."

Hapo Adero alishindwa kujizuia. "Dada, mlitoa ugali, nikanyamaza. Mkatoa uji, mkatoa viazi. Sasa mnataka kutoa mafuta. Nimpe nini huyu mtu, upepo? Mzee Abeid wa dukani ana sukari kama yeye, anakula samli na anatembea!"

Wagonjwa wengine kwenye benchi waligeuka. Lornah hakukasirika. Alivuta kiti akakaa, magoti yao yakakaribiana.

"Abeid ni mmoja, mama. Mimi nina benchi mzima. Na nitakuambia ukweli: hata madaktari hawasemi kitu kimoja. Kuna wanaosema ukishatoa ugali, mafuta haina shida. Wengine wanasema inaziba mishipa ya moyo, ugali iwepo isiwepo. Mimi sijui ya watu wote. Lakini damu iko hapa ni ya Baba Anyango, si ya Abeid, na kifua inayouma ni yake. Daktari atapima moyo leo. Wewe punguza samli, toa mafuta ya nyama. Samaki mpe, hata yule wa mafuta, mbuta, si sawa na ng'ombe. Mpe maharagwe, mpe osuga, njugu kidogo. Na ile ugali ya ngumi moja, nani alisema aache?"

"Atakonda," Adero alisema polepole.

"Atakonda kidogo, ndiyo."

Kwa Lornah lilikuwa jambo dogo. Yeye hakuishi Katito.

Dishon alipimwa moyo, akapewa dawa na onyo la kutobeba mawe. Njiani kurudi, kichwani mwa Adero mambo mawili yalikuwa yanakabana. Akiendelea na samli, mume wake atakwenda kaburini amenona na watu watasema alikuwa mzima. Akiiacha, huenda ataishi, lakini kila mfupa utakaoonekana utakuwa na maneno yake, na sahani ya maua itakuwa yake milele. Alijiona mwovu kwa kulipima hilo hata kidogo. Lakini alilipima.

Kesho yake mchana alishusha chungu cha samli kutoka darini, akakaa nacho jikoni. Dishon alikuja akasimama mlangoni, akashika mwimo.

"Mbona hukuniambia kifua inauma?" Adero aliuliza, bila kumtazama.

"Ulikuwa unafurahi."

"Mimi?"

"Ulikuwa unaimba ukipika. Tangu sukari ije, sikuwa nimesikia ukiimba." Alivuta pumzi. "Hata mimi hiyo samli ilinishinda kitambo, Nyar Seme. Ilikuwa inakaa hapa tu, kama jiwe. Lakini nilijua unapikia macho ya watu."

Hakukuwa na uchungu katika sauti yake. Ni hilo lililomuumiza Adero. Aliinama juu ya chungu kile, machozi yakamtoka, na mume wake akaondoka taratibu, maana mwanamume hamsimamii mkewe akilia jikoni.

Jumapili baada ya kanisa, Adero alikwenda ufuoni Kusa mwenyewe akachagua samaki. Alirudi, akamparua, akamkata, akamchemsha na nyanya na kitunguu na chumvi. Osuga akailaza kwenye maziwa yaliyotolewa siagi. Akasonga ugali wa mtama, akakata sehemu ya Dishon, akapima kwa ngumi yake mwenyewe, kisha akakumbuka mkono wa mume wake ni mkubwa kuliko wake, akaongeza kidogo.

Akabeba vyote hadi kwa Walter. Wanaume walikuwa wameshanawa. Walter alikuwa kwenye kiti chake, wadogo zake na mgeni mmoja wa kutoka Otonglo wamezunguka meza ya chini. Dishon alikaa karibu na mlango. Milka alikuwa ameshaweka ile sahani mbele yake.

Adero aliweka bakuli lake katikati. Halafu hakuondoka.

Wanaume walingoja. Mtu alikohoa. Mwanamke akishaweka chakula huenda zake, na huyu alikuwa amesimama hapo, mikono imeshika leso kiunoni.

"Mama Anyango," Walter alisema kwa upole, "chakula imefika. Asante."

"Ndiyo, Mzee."

"Kuna shida?"

Milka alikuja mlangoni, akamvuta kitambaa kwa nyuma. "Mama Anyango, twende tule sisi jikoni."

"Niache kidogo, Milka."

Dishon aliinua uso. Adero alimwona akitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema usijisumbue, si lazima. Sauti ya Adero ilipotoka ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka.

"Wazee, mnisamehe. Miezi hii yote watu wananiangalia na mimi nawaangalia, na hakuna mtu anasema kitu. Sasa nasema mimi. Dishon ana ugonjwa wa sukari. Ugali ndiyo ilimkondesha, kwa sababu aliacha. Mimi nikamnenepesha kwa samli ili mnyamaze, na samli ikamshika moyo. Leo nimeitoa. Kwa hivyo atakonda tena, mtaona. Mkiona amekonda, msiulizane njiani ni nini. Ni mimi. Mimi ndiye nimemkondesha, kwa mkono huu, kwa sababu nataka akae. Na sahani hii, Mzee Walter, naomba itoke. Nilitaka kusema hivyo tangu siku ya kwanza iliwekwa hapa: nataka mkule na mume wangu."